Mwaloni wa Demarius

Kila asubuhi Verlene Gathings alitoka nje na kikombe cha kahawa. Alishuka ngazi za baraza. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mti mdogo uliokuwa mbele ya nyumba yake, akasimama hapo.

"Umeamkaje, mwanangu?" aliuambia mti.

Kisha alikunywa kahawa polepole huku akitoa habari za nyumbani. Alisema kwamba binti yake Jerrica amefaulu mtihani wa uuguzi. Alisema kwamba baba yake Jerrica amekataa tena kwenda kwa daktari wa meno. Alisema mvua haijanyesha. Kikombe kilipokwisha, alishika jani moja kwa vidole viwili, akaliachia, akaenda kazini. Alikuwa mpishi katika shule ya mtaa.

Majirani walimwona, na hakuna aliyecheka. Katika mtaa wetu wa Harlan kila mti mdogo una jina la mtu.

Mti wa Verlene ulikuwa mwaloni. Jina lake lilikuwa Demarius.

Demarius alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwa kinyozi. Jioni moja askari alimsimamisha barabarani kwa sababu taa ya nyuma ya gari lake haikuwaka. Demarius hakuwa na silaha yoyote. Askari alimpiga risasi, na hakurudi nyumbani. Baadaye mahakama ilisema hakuna wa kushtakiwa. Verlene aliipata habari hiyo akiwa jikoni shuleni, mbele ya sufuria ya maharage. Aliendelea kukoroga, maana watoto walikuwa wanangoja kula.

Hayo ndiyo yaliyowafanya akina mama wa kanisa letu kukutana. Mama mmoja alisema, "Majina ya watu wetu tunayaandika kwenye fulana. Tunazivaa siku ya mazishi. Tunazifua, zinachakaa, maandishi yanafutika. Tufanye kitu kitakachobaki."

Mwingine akasema, "Na huku kwetu hakuna kivuli. Upande ule wa mji wana miti mikubwa. Sisi tuna lami tu. Kiangazi tunakaangwa kama samaki."

Wakakubaliana kupanda miti. Mmoja ulikuwa wa kijana aliyefia gerezani kabla ya kesi yake kusikilizwa. Mwingine ulikuwa wa mama aliyefariki akijifungua, baada ya kulia kwamba anaumwa na kuambiwa kwamba anadeka. Mwingine ulikuwa wa babu mmoja wa zamani, aliyekwenda kujiandikisha kupiga kura na hakuonekana tena. Kila mti uliwekewa kibao cha jina.

Kazi ya kuchimba walipewa mashemasi. Kiongozi wao alikuwa Lonzo Gathings, mume wa Verlene. Lonzo si mtu wa maneno mengi. Ni fundi wa mabasi ya shule. Lakini kanisani anajulikana kwa koleo lake la kuchimbia. Hapa kwetu Mississippi, katika makanisa ya zamani ya watu weusi kama letu, wanaume wa kanisa huchimba makaburi wenyewe. Hatumwachii mgeni kazi hiyo. Lonzo alifundishwa na baba yake. Pande za shimo zinyooke. Zilainishwe kwa bapa la koleo. Udongo wa juu urundikwe vizuri, upigwepigwe, uwe na umbo.

Alilichimba kaburi la mwanawe namna hiyo, kwa mikono yake, na hakukubali kupokewa.

Siku ya kupanda miti, wakati wa baridi, Verlene alisimama karibu naye.

"Chimba zaidi, Lonzo," alisema.

"Inatosha, mke wangu."

"Haitoshi. Chini kabisa. Huyu sitaki mtu aje kuninyang'anya."

Lonzo akachimba zaidi. Aliushusha mti ndani hadi theluthi moja ya shina ikazama. Akafukia. Akarundika udongo kulizunguka shina, akaupiga kwa bapa la koleo. Mashemasi wakafanya hivyo hivyo kwenye miti mingine. Sote tuliona ni kazi nzuri. Tuliimba, tukaomba, tukala kuku na mkate wa mahindi, tukarudi nyumbani.

*

Masika miti yote ilitoa majani. Mtaa ulifurahi. Lakini kiangazi kilipokolea, majani ya mwaloni wa Demarius yalianza kugeuka manjano. Hayakuwa manjano ya kupendeza. Yalikuwa ya ugonjwa. Kingo zake zilikauka kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto.

Verlene aliongeza maji. Alimwagilia asubuhi na jioni. Majani yakazidi kuwa manjano.

Jumamosi moja ya Agosti, siku ya kuzaliwa kwa Demarius, Verlene alirudi kutoka sokoni. Alikuta vijana wamesimama kuuzunguka mti. Walikuwa rafiki zake Demarius. Mbele yao alikuwa Cordell, kijana mnene mwenye sauti nzito, anayefanya kazi katika kiwanda cha kuku. Cordell alishika chupa ya bia. Alikuwa anaimimina chini, kwenye shina la mti.

"Hii ni yako, D," alikuwa akisema. "Umekaribia thelathini, mzee. Huku kila mtu anakusalimu."

Hivyo ndivyo vijana wetu wanavyowakumbuka wenzao waliokufa. Wanamwaga kinywaji kidogo chini kwanza, kisha wanakunywa wao.

Verlene aliangusha mfuko wake. Mayai yakavunjika.

"Cordell! Unafanya nini?"

"Mama D! Tunampa mwenzetu salamu ya siku yake, mama."

"Unamnywesha pombe mtoto wangu?"

"Ni bia tu, Mama D. Yeye mwenyewe angetuuliza mbona tumechelewa."

Wenzake walicheka kidogo. Verlene hakucheka.

"Tazama haya majani," alisema. "Tazama! Nilikuwa najiuliza ni nani anauua mti huu. Kumbe ni nyinyi. Mmekuwa mkija hapa na michupa yenu, na mimi namwagilia maji kama mjinga."

"Mama, si hivyo. Tumekuja mara hii na ile siku ya—"

"Ondokeni. Sitaki kuwaona hapa tena. Alikuwa na nyinyi siku zote, lakini usiku ule mlikuwa wapi?"

Hapo Cordell aliishusha chupa. Alikuwa ameachana na Demarius saa moja tu kabla ya lile tukio. Kila mtu mtaani alijua jambo hilo linavyomla.

Alifunga chupa. "Samahani, mama," alisema, na vijana wakaondoka wakiwa wameinamisha vichwa.

Verlene aliingia ndani. Alipiga magoti kando ya kitanda. Alitaka kuomba, lakini maneno hayakuja. Alisema tu, "Bwana, usiniondolee na huu. Nakusihi. Huu niachie."

*

Siku chache baadaye Bi Earnestine Pruitt alirudi mtaani. Alikuwa ameondoka zaidi ya mwaka mmoja uliopita kwenda Chicago kumuuguza dada yake. Nyumba yake inatazamana na ya akina Gathings. Bi Earnestine amefanya kazi katika kitalu cha miti tangu ujana hadi kustaafu, na mdomo wake haujastaafu.

Hakupumzika hata kidogo. Aliacha mizigo barazani, akavuka barabara na fimbo yake.

"Dada Verlene, njoo nikukumbatie. Nililia huko nilikokuwa. Nililia sana kwa ajili ya mtoto yule. Ndiye pekee aliyeweza kukata nywele za mjukuu wangu bila mjukuu kupiga mayowe."

Walikumbatiana kwa muda mrefu. Kisha Bi Earnestine aliugeukia mti. Uso wake ulibadilika.

"Huu ndio wake?"

"Ndio wake, Bi Earnestine. Unakufa. Wale vijana wameumwagia pombe."

"Pombe kiasi gani?"

"Chupa. Sijui. Kila wanapokuja."

"Mti wa kimo hiki hauuawi na chupa ya bia, mwanangu. Ni afadhali wasimwage hapo, lakini si hiyo." Aliinama kwa shida, akaegemea fimbo. "Lonzo yuko wapi? Mwite. Na aje na kiti, magoti yangu hayana tena utii."

Lonzo alikuja na kiti. Bi Earnestine aliketi, akaingiza vidole kwenye udongo uliorundikwa kwenye shina.

"Shemasi, tazama mti wowote mkubwa ulioota wenyewe. Pale unapoingia ardhini, shina likoje?"

Lonzo aliwaza. "Linatanuka. Kama mdomo wa tarumbeta."

"Haya. Huu wa kwako unaingiaje?"

Lonzo alitazama. Shina liliingia ardhini limenyooka kama mwiko uliochomekwa kwenye uji.

"Haujatanuka," alisema.

"Umetanuka. Lakini pale panapotanuka pako chini huko, pamefukiwa. Pale panatakiwa paonekane juu ya ardhi. Hapo ndipo mizizi inapoanzia. Mizizi haitaki kwenda kuzimu. Mizizi mingi hutambaa hapa hapa juu, karibu na uso wa nchi, kwa sababu inatafuta hewa. Mizizi inapumua kama mimi na wewe."

Verlene alisogea karibu, akainama kutazama.

"Na udongo wetu huu ni wa mfinyanzi," Bi Earnestine aliendelea. "Ukichimba shimo refu, ukalainisha kuta zake, umetengeneza ndoo. Dada Verlene akimwagilia asubuhi na jioni, maji yanatuama humo. Mizizi inakaa ndani ya maji bila hewa. Inaoza. Majani yanageuka manjano, na mtu akiona manjano anadhani ni kiu, anaongeza maji."

Alifuta vidole kwenye gauni lake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lonzo, mwanangu, umeuzika mti huu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Lonzo alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyesukumwa.

"Miti niliyoiua mimi kabla ya kujifunza ingejaza kanisa letu pamoja na jukwaa la kwaya," Bi Earnestine aliharakisha kusema. "Hakuna anayezaliwa anajua. Na bado haujafa. Kwa sasa tuondoe udongo huu uliorundikwa, na maji tupunguze. Majani yakianguka na mti ukilala, tuuchimbe, tuuinue, tuupande upya juu."

"Kuuchimba?" Verlene alisema.

"Ndiyo."

"Kuutoa kabisa?"

"Kuutoa na kuurudisha vizuri."

"Hapana," alisema Verlene. "Nimeshamzika mara moja. Hakuna atakayemfukua." Akaingia ndani, na mlango wa wavu ukajibamiza nyuma yake.

*

Jioni ile Jerrica alipika majani ya kola, mboga inayofanana na sukuma wiki, pamoja na nyama ya nguruwe. Walikaa mezani watatu. Hakuna aliyekula vizuri.

"Mama," Jerrica alisema, "Bi Earnestine hajasema tumfukue Demarius. Amesema mti."

"Najua alichosema."

"Demarius yuko nyuma ya kanisa, mama. Na roho yake iko kwa Mungu. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo."

"Usinifundishe mimi mambo ya Mungu mezani kwangu."

Lonzo aliweka uma chini.

"Ni mimi," alisema.

Verlene alimtazama. Lonzo alikuwa hajasema neno juu ya mwanawe tangu mazishi. Mchungaji alikuwa amejaribu kuzungumza naye. Daktari alikuwa amejaribu. Lonzo alijibu kila mmoja, "Niko sawa," akaenda kutengeneza mabasi.

"Uliniambia nichimbe zaidi, na nilichimba," alisema. "Ningeweza kusimama. Lakini koleo likishaingia mkononi mwangu, najua njia moja tu ya kuchimba. Sijawahi kuchimba shimo ili kitu kitoke. Maisha yangu yote nimechimba ili kitu kiingie na kibaki." Alifunika macho kwa kiganja. "Nimeifanya miti yote ya mtaa huu hivyo, Verlene. Ya watu wote."

Mabega yake yalianza kutikisika. Jerrica aliinuka, akamshika kutoka nyuma. Verlene alibaki kwenye kiti. Alikuwa hajawahi kumwona Lonzo akilia, hata kaburini.

Asubuhi hakwenda na kahawa. Alikwenda na kijiko kikubwa cha jikoni. Alipiga magoti kwenye nyasi na kuanza kuondoa udongo shinani kidogo kidogo, kama mtu anayemvua mtoto mgonjwa nguo. Udongo ulikuwa mzito, na ulinuka kama maji ya bwawa. Gome chini yake lilikuwa jeusi na laini. Alipobonyeza, maji yalitoka.

Alichimba zaidi. Akaona vimizizi vyembamba, vyeupe. Havikuwa vikienda chini. Vilikuwa vimepinda, vinapanda juu kando ya shina, vinatafuta kutoka.

Verlene aliviangalia kwa muda mrefu. Aliwaza jinsi alivyokuwa akisimama hapo kila asubuhi na kuzungumza, na chini ya miguu yake vitu hivi vikihangaika. Aliweka kijiko chini.

"Nisamehe, Bwana," alisema. "Nilitaka kumshika kwa nguvu."

Alivuka barabara akabisha kwa Bi Earnestine.

"Tutauinua," alisema. "Niambie tunahitaji nini."

"Tunahitaji watu wenye migongo," alijibu Bi Earnestine. "Mashemasi wetu wote wanapaka dawa ya maumivu. Tafuta vijana."

*

Verlene alimkuta Cordell akiwa ameketi kwenye ngazi za nyumba ya shangazi yake. Alikuwa ametoka kazini na bado amevaa buti za mpira. Alipomwona alisimama haraka.

"Mama D, sijaenda pale. Naapa."

"Najua. Keti. Nimekuja kukuomba radhi."

Cordell aliketi. Hakujua aangalie wapi.

"Si nyinyi mlioudhuru mti," Verlene alisema. "Ni mimi niliyetaka uzikwe chini sana. Na lile neno nililokwambia, la kuuliza mlikuwa wapi usiku ule, halikuwa neno la Mkristo. Halikuwa hata neno la kweli. Hukumwacha. Mliagana kama watu wanavyoagana."

Cordell alikuna goti. "Huwa najiuliza mwenyewe, mama. Kila siku. Ningemwambia akae kidogo tu, tumalize mechi."

"Na mimi huwa najiuliza kwa nini sikumkumbusha ile taa."

Lori lilipita. Ndani shangazi yake Cordell aliita, "Ni nani huyo?"

"Ni Mama D!"

"Mkaribishe chai ya barafu! Huna adabu wewe?"

Cordell alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. Verlene akamweleza habari ya kuinua mti.

"Tutakuja," Cordell alisema. "Wote. Lakini mama, siku yake ikifika, tufanyeje? Hatuwezi kusimama pale mikono mitupu. Lazima tummwagie kitu."

"Bi Earnestine anasema mmwage maji."

"Maji?" Cordell alitikisa kichwa. "D hakuwahi kunywa maji katika maisha yake yote. Atatucheka."

"Mwache acheke," alisema Verlene.

*

Lonzo alikuwa na kazi nyingine kabla ya hapo. Jumapili baada ya ibada alikwenda nyumba kwa nyumba. Kwa kila familia alivua kofia na kusema maneno yale yale. "Nilipanda mti wa mtu wenu vibaya. Niliufukia chini sana. Naomba ruhusa ya kuurekebisha."

Wengi walisema, "Karibu, Shemasi." Mama wa yule kijana aliyefia gerezani alitoka kwanza kuutazama mti wake. Kisha aliuliza, "Utauvunja?"

"Nitajitahidi nisiuvunje."

"Sema hutauvunja, Lonzo."

"Siwezi kusema hivyo, dada. Nitakuwa nawe hapo. Utaniona kila ninachofanya."

Mama yule alifikiri. "Basi nitakuja na kiti changu," alisema.

Baridi ilipoingia na majani yakaanguka, walianza na mwaloni wa Demarius. Mchungaji aliomba kwa kifupi, maana Bi Earnestine alikuwa amemwonya kwamba mizizi haitakiwi kukaa juani. Vijana walichimba kwa mbali kuzunguka mti, polepole, wasikate mizizi. Walipitisha turubai chini yake. Cordell alishika upande mmoja, wenzake upande mwingine.

"Shikeni fundo la mizizi na udongo wake, msishike shina!" Bi Earnestine alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake. "Ungependa ubebwe kwa shingo wewe?"

"Hapana, mama!"

"Basi!"

Mti ulitoka. Verlene aliona shimo lililobaki. Kuta zake zilikuwa bado zimenyooka na kung'aa, na maji yametuama chini. Aligeuza uso. Jerrica alimshika mkono.

Sasa Bi Earnestine alimgeukia Lonzo. "Shemasi, lijaze hilo. Kisha chimba jipya. Upana uwe mara mbili au tatu ya fundo la mizizi. Kina kisizidi kimo cha fundo lenyewe. Afadhali liwe fupi kidogo kuliko kuwa refu."

Lonzo alichimba. Shimo lilikuwa pana na la kina kifupi, kama sahani. Mikono yake ilitaka kulainisha kuta. Mara mbili aligeuza koleo upande wa bapa, na mara mbili Bi Earnestine alikohoa.

"Zikwaruze," alisema. "Zitoboe kwa ncha. Mizizi ipate pa kupita."

Lonzo akazikwaruza. Wakauweka mti. Lonzo aliweka mpini wa koleo juu ya shimo, toka ukingo hadi ukingo, ili kuona kama pale shina linapotanuka panafikia usawa wa ardhi. Palizidi kidogo.

"Hapo hapo," alisema Bi Earnestine. "Mfinyanzi utashuka baadaye."

Walirudisha udongo ule ule. Wakamwaga maji, wakangoja yazame. Halafu wakatandaza vipande vya mbao na majani makavu kuzunguka mti ili udongo usikauke. Cordell alianza kuvirundika shinani.

"We! Unajenga mlima?" Bi Earnestine alimwambia. "Viache mbali na shina. Umewahi kula donati?"

"Nimekula nyingi, mama. Si unaniona?"

Watu wote walicheka, hata Lonzo.

"Basi itengeneze hivyo. Pana, na tundu katikati. Shina libaki wazi."

Kila Jumamosi walifanya mti mmoja au miwili mpaka yote ikaisha. Mama wa yule kijana alikaa kwenye kiti chake na blanketi miguuni, akatazama kila kitu. Mti wake haukuvunjika.

*

Mwezi wa tatu miti ya mtaa ilianza kutoa vichipukizi. Watu walikuwa wakiita kutoka barazani, "Wa kwangu umeamka! Wa kwako je?"

Mwaloni wa Demarius haukuamka. Verlene alitoka kila asubuhi, akatazama matawi makavu. Habari za nyumbani alikuwa ameacha kuzitoa. Aliomba tu, kimoyomoyo, na safari hii hakusema "niachie". Alisema, "Mapenzi yako yatimizwe, lakini ujue kwamba ninaumia."

Siku moja Bi Earnestine alivuka na kisu kidogo. Alikwaruza gome la tawi la upande wa kushoto. Ndani palikuwa kahawia na pakavu. Alikwaruza tawi la upande wa kulia. Ndani palikuwa kijani.

"Upande mmoja umekufa," alisema. "Mizizi yake ilikuwa imeoza tayari. Siwezi kukudanganya. Upande huu mwingine unaishi. Lakini uliokufa lazima ukatwe, usije ukaoza hadi ndani."

Lonzo alileta msumeno. Verlene alisema, "Nipe mimi."

Alikata mwenyewe, mahali Bi Earnestine alipomwonyesha. Mikono yake haikuwa na haraka. Tawi lilipoanguka alikaa chini kwenye nyasi na kulia kwa sauti kubwa, mbele ya mtaa mzima. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Lonzo aliketi karibu naye.

Wiki iliyofuata, upande uliobaki ulitoa majani. Yalikuwa madogo, membamba na ya kijani.

Kiangazi hiki mtaa wetu hatumwagilii ovyo. Tunaingiza kidole kwenye udongo kwanza. Ukiwa mkavu tunamwaga maji mengi taratibu. Ukiwa na unyevu tunauacha. Mtaa wa pili wamemwomba Shemasi Lonzo awafundishe, maana nao wana majina yao. Siku ya Demarius ilipofika, Cordell na wenzake walikuja na ndoo. Kila mmoja aliinamisha ndoo yake chini na kusema neno lake. Cordell alisema, "Usicheke, D."

Walipoondoka, Verlene na Lonzo walileta viti viwili nje. Joto lilikuwa kali, na lami ilikuwa laini. Mti ule mdogo wenye upande mmoja ulitupa kivuli kwenye nyasi. Hakikutosha mtu mzima.

Wakavua viatu, wakanyoosha miguu, wakaiweka humo. Kilitosha miguu minne.